Mzee Ojwang na Ulimi wa Jirani

Tarehe 12 Julai 2015, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta mjini Nairobi, alifariki mzee mmoja ambaye Wakenya walimjua kwa jina lisilo lake. Walimwita Mzee Ojwang Hatari. Ojwang ni jina la Wajaluo, watu wa kandokando ya Ziwa Nyanza. Naye kwa zaidi ya miaka 30 alisema katika televisheni Kiswahili cha Mjaluo, akaenenda kama Mjaluo, akagombana na mke wake mchezoni kwa sauti ya Kijaluo, hata watoto walioanza kumtazama wakiwa wamekaa chini sakafuni walikuwa wazazi wenye watoto kabla ya kusikia jina alilopewa na wazazi wake. Jina hilo ni Benson Wanjau. Alizaliwa mwaka 1937, naye alikuwa Mkikuyu.

Msomaji wa Masisi au wa Walikale atauliza, mchekeshaji wa Nairobi atuhusu nini sisi, tulio na shida zetu za kutosha? Twamwomba avumilie kidogo. Habari ya mtu wa kabila moja kuchukua ulimi wa kabila jingine mbele ya watu wote, na hao wa kabila la pili wakampenda badala ya kumkasirikia, si habari ndogo katika nchi yetu. Sisi twaiona kuwa kubwa kuliko habari za wachezaji wengi wa sinema za Ulaya na Marekani ambao vijana wetu wawajua majina.

Kwanza kazi yenyewe. Mchezo uliompa jina huitwa Vitimbi. Ulianza katika miaka ya 1980 katika televisheni ya serikali, ile iliyoitwa Sauti ya Kenya hata mwaka 1989, halafu ikarudishiwa jina lake la zamani, KBC. Yafaa kukumbuka ya kuwa mpaka mwaka 1990 Kenya haikuwa na stesheni nyingine ya televisheni. Nyumba yenye televisheni, iwe ya tajiri au ya mwalimu, iwe Kisumu au Nyeri au Mombasa, ilitazama kitu kile kile kwa saa ile ile. Na nyumba isiyo na televisheni ilituma watoto wake kwa jirani. Hivyo Mzee Ojwang aliingia katika nyumba za watu wote bila kubisha hodi, na mchezo wake ukachezwa kwa Kiswahili, lugha isiyo ya Wakikuyu peke yao wala ya Wajaluo peke yao.

Anayetafuta picha za kupendeza katika Vitimbi hatazipata. Ni chumba, meza, viti, mlango ambao watu huingia na kutoka, na mara nyingi taa ni kali kama ya duka. Vipande vyake vyafika kwetu katika simu, katika zile kadi ndogo ambazo vijana hujaziwa nyimbo na sinema mjini. Vingine vimekwisha nakiliwa mara nyingi hata nyuso zimefifia. Walakini sauti yabaki. Na katika mchezo huu sauti ndiyo kila kitu.

Basi tuisikilize sauti hiyo kwa makini, maana hapo ndipo ufundi ulipo, na watu wengi hupita wakicheka tu bila kuuona.

Kijaluo hakina sauti ya sh. Mjaluo aliyejifunza Kiswahili ukubwani, asipojizoeza sana, husema sida badala ya shida, na samba badala ya shamba. Tena hakina z, hivyo zaidi huweza kuwa saidi. Kikikuyu kina kasoro zake nyingine kabisa. Hakina l, Mkikuyu wa namna hiyo hiyo husema rara akitaka kusema lala. Kwa upande mwingine Kikikuyu kina sauti iliyo karibu sana na sh, na Wakikuyu wengi huitamka hata mahali inapotakiwa s. Sasa msomaji apime kazi ya Wanjau. Ilimpasa kuacha kosa la kwao, asije akateleza katika r na l wakati amekasirika, maana hasira ndiyo hutoa ulimi wa mama. Na papo hapo ilimpasa kuchukua kosa la wengine, ambalo kinywa chake hakikuzaliwa nalo, tena ni kinyume cha lile la kwao. Hayo yote akayatenda huku anachekesha, huku anakimbizana na mke wake, mwaka baada ya mwaka. Mtu akijaribu kwa dakika tano tu atajua. Sisi tulijaribu mbele ya vijana wa shirika letu, na dakika mbili zilitosha.

Wala si herufi tu. Kila lugha ina mwendo wake. Wengine hupandisha sauti mwishoni mwa neno, wengine hukokota neno la katikati kama mtu avutaye mbuzi asiyetaka kwenda. Wanjau aliupata mwendo ule. Aliupata pia mwilini: shingo iliyonyoshwa, kidole kinachoinuliwa kabla ya neno kubwa, na yale macho nyuma ya miwani minene, yanayotazama kulia na kushoto kuona kama watu wamesikia Kiingereza alichokitia katikati. Mzee yule wa mchezoni ni mtu wa majivuno. Anapenda kuonekana msomi, anapenda kuonekana tajiri, naye aghalabu si huyu wala si yule.

Hapa ndipo lilipo jambo tulilotaka kulisema.

Wanaojua Maandiko watakumbuka Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12. Wagileadi wa Yefta waliwashinda Waefraimu, wakaviteka vivuko vya Yordani. Kila aliyetaka kuvuka aliulizwa kama ni Mwefraimu. Akikana, alitakiwa aseme neno moja tu, Shibolethi. Waefraimu hawakuweza sh, wakasema Sibolethi. Ndipo waliposhikwa na kuuawa pale kivukoni, na Kitabu chasema waliokufa wakati ule ni watu 42,000. Ni sauti ile ile! Sh na s; tofauti ambayo katika Vitimbi iliwachekesha Wakenya baada ya chakula cha jioni, ndiyo iliyochinjiwa watu kando ya Yordani. Na katika Injili ya Matayo, usiku ule wa uani kwa kuhani mkuu, Petro alijulikana kwa nini? Kwa matamko ya Kigalilaya. Alikana kwa kinywa, na kinywa hicho hicho kikamshuhudia.

Katika Kongo ya mashariki hatuhitaji wafafanuzi wa Biblia kutueleza sura hiyo. Mwezi wa Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, huko Walikale, yakaenea Masisi yote, na tangu hapo vita vimebadili majina na viongozi mara nyingi. Katika miaka hiyo mtu aliyefika kwenye kizuizi njiani aliulizwa mambo mengi, lakini aliyesimama na bunduki hakusikiliza majibu sana, alisikiliza matamko. Kwetu wapo wasiotofautisha r na l. Wapo wanaovuta irabu na wapo wanaoikata. Mwenye sikio hujua kwa maneno matatu kama unatoka kwa Wahunde, au kwa Wanyanga, au kwa Wahutu, au kwa Watutsi, au kwa Wanande, na mama wengi wamewafundisha watoto kunyamaza barabarani. Ndiyo maana mtu anayeiga matamko ya jirani yake ili watu wacheke, kwetu anacheza na moto. Kicheko chake chaweza kuwa chepesi, lakini masikio yaliyozoezwa na kicheko hicho siku ya Jumapili ni masikio yale yale yatakayosimama kizuizini siku nyingine.

Je, basi, Wanjau alitenda vibaya? Wako watakaosema hivyo, wakisema ya kuwa kuiga ni kudharau, wala hakuna kuiga kuzuri. Sisi hatukubali, nasi tutajaribu kueleza kwa nini, kwa kuwa tumeona pia mifano mibaya tunayoweza kuilinganisha.

Mfano mmoja watosha. Katika parokia moja, ambayo hatutaitaja, vijana walicheza Mateso ya Bwana siku ya Ijumaa Kuu. Petro alisema Kiswahili kizuri. Pilato naye alisema Kiswahili kizuri, hata na Kifaransa kidogo. Yuda alipofungua kinywa, akasema kwa matamko ya kabila jirani. Watu waliangua kicheko, wengi wao. Kundi dogo upande wa kushoto hawakucheka, walitazama chini. Kijana yule alikuwa hodari kweli katika kuiga, labda hodari kuliko wengine wote waliocheza siku ile, na uhodari wake ndio uliozidisha ubaya. Maana mchezo uliwaambia watu bila kusema: ulimi huu ndio ulimi wa msaliti.

Sasa tumtazame Mzee Ojwang. Watu wanapomcheka, wanacheka nini? Tumetazama vipande vingi vya mchezo tukiwa na swali hilo tu. Jibu letu ni hili: wanamcheka kwa kuwa mwenye majivuno ambaye daima hunaswa na majivuno yake. Wanamcheka akidai anajua jambo asilolijua, akikana neno ambalo watazamaji wamemwona akilisema, akijifanya mkali huku anamwogopa mke wake. Hayo ni makosa ya mzee mmoja. Tena ni makosa ya wazee wa kila kabila, na mzee wa Kimeru au wa Kikamba aliyeketi mbele ya televisheni alitazamwa na mke wake kwa jicho la pembeni. Matamko ya Kijaluo ni vazi la mtu huyo, hayakuwa dhambi yake. Mjaluo mtazamaji hakuambiwa ya kuwa ulimi wake ni ulimi wa mwongo. Aliambiwa ya kuwa mtu anayependwa kuliko wote katika televisheni ya taifa asema kama baba yake.

Liko jambo la pili. Mchezo ulimpa mshindani anayelingana naye. Mke wake mchezoni, Mama Kayai, alichezwa na Mary Khavere, ambaye jina lake latoka upande wa Waluhya. Naye ni mama mwenye ulimi mwepesi, na mara nyingi ndiye mwenye haki. Basi nyumba hii ya Kijaluo iliyopendwa na Kenya nzima ilikaliwa na watu wawili ambao hawakuwa Wajaluo kwa majina yao ya kuzaliwa. Kama wangetaka kuwafanyia Wajaluo dhihaka, nafasi walikuwa nayo kila juma. Walichagua kujenga nyumba ambamo mke anashinda kwa akili na mume anashindwa bila kufukuzwa, na kesho yake wako pamoja tena.

Tusidhani hata hivyo ya kuwa ufundi huu ni kitu kigeni kilichotoka Nairobi. Walikale ulikuwako kabla ya televisheni. Mwaka 1956 Mnyanga mmoja aliyeitwa Candi Rureke, mjuzi wa karisi, alisimulia hadithi ya Mwindo kwa muda wa siku kumi na mbili mbele ya watu wa kijiji na mtaalamu Daniel Biebuyck kutoka Ubelgiji, ambaye pamoja na Kahombo Mateene aliitoa kitabu mwaka 1969. Rureke hakusimulia tu kama mtu asomaye tangazo. Aliimba, alicheza, alitikisa kibuyu, mkononi ameshika usinga kama Mwindo mwenyewe, na vijana wakamwitikia kwa kupiga vijiti. Katika hadithi hiyo Shemwindo, mtemi wa Tubondo, amkataa mtoto wake wa kiume, amtia katika ngoma, amtupa mtoni. Baadaye mtoto amfuata baba yake mpaka kuzimu, na mwishoni hawachinjani, wanapatana. Yule msimulizi alikuwa baba anayechukia, alikuwa mtoto anayechukiwa, alikuwa shangazi Iyangura, alikuwa radi. Kinywa kimoja kiliwabeba wote. Sisi twaamini ya kuwa mtu hawezi kumbeba Shemwindo siku kumi na mbili akimdharau. Sauti ingeharibika, na watu wa kijiji wangejua. Hicho ndicho kipimo cha kwetu cha mwigizaji, na kwa kipimo hicho ndicho twampima Wanjau, si kwa kipimo cha tuzo za Ulaya.

Tukimpima hivyo, yako pia mapungufu, nasi hatutayaficha.

Rureke alikuwa watu wengi. Wanjau kwa miaka mingi alijulikana kama mtu mmoja tu. Mwigizaji mwenye nguvu kama hizo angeweza kuwa mengi zaidi. Tumtazame Amri Athumani wa Tanga, ambaye Waswahili walimwita Mzee Majuto, aliyefariki Agosti 2018. Yeye alianza jukwaani akiwa mtoto, akapitia vikundi vya maigizo, akaingia katika sinema za video, na ingawa alikuwa mchekeshaji yule yule, alibadilika-badilika: katika sinema moja tajiri mpumbavu, katika nyingine maskini mjanja. Wanjau alilivaa koti moja mpaka likawa ngozi. Walatini waliita kifuniko cha uso cha mchezaji persona, na sisi tuliokaa seminarini twakumbuka jinsi neno hilo lilivyokuja kumaanisha mtu mwenyewe. Ndivyo ilivyompata. Watu walimwita Ojwang njiani, walimwita Ojwang katika habari za magazeti, hata katika ugonjwa.

Tena, mchezo ulichoka. Katika vipande vya miaka ya mwisho kelele zimezidi, na mahali ambapo zamani alinyamaza kidogo kabla ya kujibu, sasa anajibu mara moja kwa sauti ya juu. Kunyamaza kule ndiko kulikokuwa dhahabu yake. Visa vinajirudia: fedha zimepotea, mgeni amekuja, uongo umejulikana. Hatumlaumu yeye peke yake. Kutoa mchezo kila juma kwa miaka mingi kwaweza kumchosha yeyote. Lakini mtazamaji hana wajibu wa kucheka kwa huruma.

Na liko swali zito kuliko hayo. Kenya ilipiga kura tarehe 27 Desemba 2007. Baada ya matokeo kutangazwa, watu walianza kuuana. Nyumba za Wakikuyu zilichomwa Kisumu na Eldoret. Mwezi wa Januari 2008 Wajaluo walishambuliwa Nakuru na Naivasha. Waliokufa ni zaidi ya 1,100, na mamia ya maelfu walikimbia nyumba zao. Watu hao walikuwa wamemtazama Mzee Ojwang tangu utotoni. Walikuwa wamecheka pamoja, kwa saa ile ile, kwa miaka zaidi ya 20. Kicheko hicho kiliwafaa nini siku ile? Mkatoliki wa Masisi aliye na mashaka juu ya michezo na sinema ana haki ya kuuliza, nasi tumeulizwa hivyo na mzee mmoja wa shirika letu, ambaye alipoteza mashamba na ng'ombe, na hapendi maneno matamu.

Hatuna jibu la kumridhisha. Kichekesho hakizuii panga. Aliyefundisha kwamba sanaa hufanya watu kuwa wema hajasoma habari za mwanadamu. Waliowaua Waefraimu nao walikuwa na nyimbo zao. Twasema neno dogo tu. Katika miezi ile ya 2008 kulikuwa na watu wengi waliotaka kusema ya kuwa Mjaluo ni Mjaluo na Mkikuyu ni Mkikuyu, tangu damu hata mifupa, na mmoja hawezi kamwe kuwa kama mwingine. Na katika nchi hiyo hiyo alikuwako mzee mmoja ambaye maisha yake yalikanusha neno hilo. Ulimi wa jirani waweza kujifunzwa. Mkikuyu aweza kuuchukua kwa usahihi hata Mjaluo mwenyewe adhani ni ndugu. Kama ni hivyo, basi ule ulimi haumo katika damu. Umo katika sikio na katika kukaa pamoja. Mtu asiyekaa na watu, asiyesikiliza wanavyosalimiana na wanavyogomba na wanavyoomboleza, hawezi kusema kama wao. Anayeiga kwa chuki hushika makosa mawili matatu ya juu juu na kuyarudia. Ndivyo alivyofanya Yuda wetu wa Ijumaa Kuu. Anayeiga baada ya kukaa na watu hushika hata namna wanavyonyamaza.

Katika miaka yake ya mwisho macho yake yalianza kufifia. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2014, na Wakenya wakamchangia fedha za matibabu. Twaitaja si kwa sababu tunataka kuwasifu waliotoa. Inatuudhi ya kuwa mtu aliyelifanyia taifa kazi muda wote ule alihitaji kupitishiwa kikapu ili aone. Mchezaji wa michezo katika nchi zetu huonwa kama mtu anayejifurahisha, kwa hiyo watu hudhani kicheko ni mshahara. Wale wanaoongoza kwaya na michezo parokiani wajua tunavyosema. Mpiga ngoma hupewa soda; mtungaji wa mchezo hupewa pongezi.

Sasa neno kwa wale wanaotayarisha michezo ya Pasaka na ya Noeli katika vituo vyetu, kuanzia Bobandana mpaka Pinga na Mubi. Hatusemi waache kuiga matamko. Mchezo ambao watu wote husema Kiswahili cha kitabu huwa kama maji ya moto bila majani ya chai. Twasema waangalie ni nani anayepewa ulimi wa nani. Mkitaka mchungaji wa Betlehemu aseme kama mtu wa milimani afugaye ng'ombe, vema, mwacheni awe mchungaji aliyewahi kufika horini. Mkimcheza Msamaria wa Injili ya Luka, hapo ndipo yafaa ulimi wa yule mnayemwogopa. Na kijana atakayemcheza asijifunze kwa rafiki zake wanaojua kudhihaki. Aende kwa watu wenyewe, akae jioni mbili tatu, awaombe wamrekebishe. Wakicheka anapokosea, hapo amekwisha kufaulu nusu. Na siku ya mchezo waalikwe kuketi mbele, si upande wa kushoto.

Mwaka jana kituo kimoja kilijaribu jambo hilo kwa mchezo wa Msamaria. Aliyecheza alikuwa Mhunde, na ulimi aliojifunza ulikuwa wa Kinyarwanda cha Masisi. Ulikuwa na makosa mengi. Bibi mmoja alisimama katikati ya mchezo akamsahihisha neno kwa sauti, mchezaji akalirudia kama alivyofundishwa, na mchezo ukaendelea.

Wenye vibanda vya sinema wanaotaka kuonyesha Vitimbi, twawashauri wachague vipande vya miaka ya mwanzo, tena vile ambavyo Mama Kayai yumo tangu mwanzo. Mzee akiwa peke yake huzidi kupiga kelele. Mbele ya mama huyo hunyamaza pale inapotakiwa, na miwani ile husema kazi yote.